Miguu Ndani ya Beseni

Hakuwa na meza. Hakuwa na kiti chake mwenyewe, wala rafu ya vitabu, wala kaka wa sekondari wa kumuuliza hesabu ikimkwama. Penseli alikuwa nayo, lakini ilikuwa imechongwa na kuchongwa mpaka imekuwa fupi kama kidole gumba, na kifutio alichangia na mdogo wake, kwa zamu na kwa ugomvi. Saa hakuwa nayo. Alfajiri aliitambua kwa mlio wa komeo, mama akitoka kwenda kazini. Hakuwa na chumba ambacho mtu angeweza kusoma kwa sauti mchana. Na muhula ule hakuwa na kitu kimoja ambacho hata fukara wa mwisho hupewa bure: usingizi.

Walikaa watu wanne katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la nafaka. Mama alikuwa mfuaji katika dobi la hospitali. Jua likizama baba alichukua rungu na tochi akaondoka. Jua likichomoza alirudi, akavua viatu mlangoni, akajitupa kitandani pale pale mama alipokuwa ameamka. Kitanda kile kilifanya kazi kwa zamu mbili, kama kiwanda. Kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa na amri moja tu: baba amelala, asisumbuliwe. Hata sufuria zilioshwa kwa adabu.

Binti alikuwa darasa la tano. Mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa mama, alikuwa darasa la nne. Baada ya mtihani wa muhula wa kwanza, Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya wanafunzi wote na kutangaza kwamba mwaka huo hakutakuwa na kubembelezana. Mwanafunzi wa darasa la tano atakayepata chini ya nusu katika hesabu za mwisho wa mwaka atarudia darasa.

Binti alikuwa amepata chini ya nusu. Chini sana.

Jioni ile Kitinda alimsogelea huku akitafuna kipande cha mkate, akazungumza taratibu kama mzee wa baraza.

"Dada, mwakani tutakuwa darasa moja, eti?"

"Toka hapa."

"Mimi sina neno. Ila nakwambia mapema, upande wa dirishani ni wangu. Wewe utakaa ukutani. Na mwalimu akikuuliza, usiniangalie mimi usoni, watu watajua tumezaliwa pamoja."

Alimrushia kandambili, ikamkosa. Lakini maneno hayakumkosa. Alijiona amekaa dawati moja na mdogo wake, yule ambaye yeye mwenyewe alimfunga viatu siku ya kuanza shule, akamfuta na makamasi njiani. Alijiona mwalimu akisema, "Mweleweshe dada yako." Akaona afadhali ardhi ipasuke.

Basi dawa aliipata wapi? Aliipata pale pale mbele ya wanafunzi wote, mdomoni mwa Mwalimu Mkuu, siku ya Jumatatu.

"Mwaka jana," alisema Mwalimu Mkuu, "dada yenu wa darasa la saba aliongoza shule nzima. Mnajua alisomaje? Alikuwa anatia miguu ndani ya beseni la maji baridi, usingizi usimchukue! Alikuwa anakesha! Nyinyi je? Mnalala kama pono! Mpigieni makofi huyo dada, ingawa hayupo."

Wakampigia makofi asiyekuwepo. Binti alipiga kuliko wote, mpaka viganja vikamwasha.

Usiku ule ule, mama alipokwisha lala, na mama akilala hata ngoma isingemwamsha, alijaza maji kwenye beseni la kufulia, akaweka taa ndogo juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatumbukiza miguu. Maji yalimpanda baridi mpaka kwenye meno. Akafungua kitabu cha hesabu, akaanza kunakili. Alinakili mifano yote kwa mwandiko mzuri. Alipomaliza, alinakili tena. Macho yalipoanza kufumba alichezesha vidole vya miguu, maji yakachapa, akazinduka. Akajisifu moyoni kwamba sasa na yeye anasoma.

Usiku wa pili akafanya vile vile. Na wa tatu. Ikawa desturi. Mama aliamka alfajiri akakuta beseni lina maji, akadhani binti yake amekuwa msafi wa miguu, akafurahi.

Ila usingizi ni kama deni la dukani; huwezi kulikimbia, unaweza tu kuchagua mahali pa kukutana nalo. Binti alikutana nalo darasani. Mwalimu wa hesabu akigeukia ubao, kichwa cha binti kilianza kuinama, kikainuka, kikainama, mpaka paji la uso likagonga dawati. Jirani yake wa dawati, msichana mwembamba aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, ndiye aliyempa jina.

"Jamani, huyu ni popo," alisema Chiriku wakati wa mapumziko. "Usiku anaruka, mchana ananing'inia. Popo, hebu tuoneshe mabawa!"

Jina likanasa. Kufika Ijumaa hata watoto wa darasa la kwanza walimwita Popo.

Darasa lao lilikuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati, na mwalimu wa hesabu, mwanamama mwenye sauti iliyochakaa kwa vumbi la chaki, alikuwa na namna yake ya kumaliza somo. Aliuliza, "Tumeelewa?" Na darasa zima likaitikia kwa wimbo mmoja, "Tumeelewaaa!" Mwalimu akafuta ubao. Hakuna aliyewahi kubaki nje ya wimbo ule. Aliyeelewa aliimba, asiyeelewa aliimba zaidi. Popo alikuwa na sauti nzuri.

Ukafika mtihani wa katikati ya muhula wa pili. Usiku wake Popo hakulala kabisa. Aliona kwamba siku ya vita askari halali, akatoa miguu majini mama alipokaribia kuamka, ngozi ya nyayo imekunjamana na kuwa nyeupe. Akaenda shule akiwa anaona watu wawili wawili.

Karatasi ya hesabu ikagawiwa. Akaandika jina lake. Akasoma swali la kwanza: *Nusu jumlisha theluthi.* Akatabasamu, kwa maana huo mfano alikuwa ameunakili usiku kucha. Akainamisha kichwa afikiri kidogo.

Alipoinua kichwa, karatasi ilikuwa imemganda shavuni na mwalimu wa hesabu amesimama mbele yake. Wenzake walikuwa wanakusanya. Kwenye karatasi yake palikuwa na jina, na chini ya jina doa la mate.

"Kesho uje na mzazi," alisema mwalimu. Hakugomba. Alionekana amechoka tu, na hilo lilimuuma Popo kuliko kugombwa.

Asubuhi iliyofuata baba alikuja shuleni moja kwa moja kutoka ghalani, na rungu lake kwapani, macho mekundu kama pilipili. Mwalimu Mkuu alikuwa na wageni. Karani akawaambia wasubiri kwenye benchi nje ya ofisi. Baba akakaa, Popo akakaa kando yake. Jua la asubuhi liliwapiga vizuri ukutani pale. Baba alipiga mwayo. Mwayo, kama mjuavyo, huambukiza.

Mwalimu Mkuu alipofungua mlango kuwaita, alikuta baba amelala fofofo, mdomo wazi, na binti amelala fofofo begani kwa baba, mdomo wazi. Rungu limewaangukia miguuni.

"Lahaula!" alisema Mwalimu Mkuu. "Mzee! Nimekuita tuzungumze habari ya mtoto kulala, na wewe umekuja kumsindikiza?"

Baba alishtuka, akasimama kwa ukakamavu wa kazi yake. "Nipo macho, mwalimu!"

"Naona."

Wakaingia. Mwalimu wa hesabu alikuwemo. Mwalimu Mkuu akaeleza kwamba mtoto analala darasani tangu muhula uanze, kwamba amelala hata juu ya mtihani, na kwamba akiendelea hivyo, mwisho wa mwaka atarudia, hana njia nyingine.

"Anafanya nini huyu mtoto usiku?" aliuliza. "Anatembea?"

Baba alimgeukia binti yake. Nyumbani alizoea kumwita mama, kwa kuwa alirithi jina la bibi mzaa baba. "Mama, unafanya nini usiku?"

Popo aliangalia sakafu. "Nasoma."

"Unasoma saa ngapi?"

"Usiku wote. Natia miguu ndani ya beseni la maji baridi. Mwalimu Mkuu alisema."

Mwalimu wa hesabu alitazama dirishani. Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mimi nilikuwa natoa mfano wa bidii," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mbele ya wanafunzi. "Sikusema kila mtu akachukue beseni."

"Watoto wanachukua walichopewa, mwalimu," alisema baba kwa upole. "Hapana kosa. Wacha niende naye nyumbani leo, alale. Kesho atarudi."

Walilala wote wawili mpaka alasiri, baba upande huu wa pazia, binti upande ule. Waliamka kwa harufu ya chai. Kitinda alikuwa ameichemsha mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema kuhusu dirisha. Baba akakata mkate, akamwita binti akae karibu.

"Nikuulize. Mimi nakesha kila siku, siyo?"

"Ndiyo, baba."

"Nalipwa kukesha. Wewe nani anakulipa?"

Kitinda alicheka mpaka chai ikampalia. Popo hakutaka kucheka, lakini mdomo ulimsaliti.

"Sasa nikwambie siri ya kazi yangu," aliendelea baba. "Kukesha siyo kuona. Miaka ya mwanzo nilidhani mlinzi ni mtu wa kukodoa macho tu. Kumbe ikifika saa zile za karibu na alfajiri, macho yako wazi lakini akili imeshakwenda zake kulala. Mwizi anaweza kupita akakuamkia, na wewe ukaitikia. Ndiyo maana tunazunguka, tunaandikiana zamu, tunapumzishana. Haya, hizo hesabu ulizokesha nazo, nifundishe moja. Mimi sikufika darasa lako."

Popo akajiweka sawa. Hili aliliweza. "Nusu jumlisha theluthi. Unajumlisha za juu, moja na moja, mbili. Unajumlisha za chini, mbili na tatu, tano. Jibu, mbili ya tano."

"Mbili ya tano ndiyo nini?"

"Ndiyo jibu."

"Nimesikia. Nionyeshe kwenye mkate."

Popo alichukua kisu. Mkate mzima mwingine ulikuwepo, wa chakula cha usiku. Aliupiga alama vipande vitano, akaonyesha viwili. Baba alivitazama. Kisha akaweka kidole katikati ya mkate.

"Nusu ni mpaka hapa. Umenipa nusu, halafu ukaniongeza theluthi juu yake. Halafu nikabaki na kidogo kuliko ile nusu ya kwanza? Huyo mwizi amepita saa ngapi, na mimi mlinzi nipo?"

Popo alitazama mkate. Akatazama tena. Hakuwa ameliona jambo hilo hata siku moja, katika usiku wote ule aliokaa na miguu majini. Alikuwa amesoma mfano, akanakili mfano, akaupamba kwa rula, lakini hakuwahi kuuliza kama unaingia akilini. Na mbaya zaidi, mfano wenyewe kitabuni haukuwa na mbili ya tano. Jibu lilikuwa tano ya sita. Alilinakili kila usiku, na katika mazoezi akafanya lake.

"Baba, kwa nini ni tano ya sita?"

"Mimi nitajuaje, mama? Mimi nimejua tu kwamba tumeibiwa. Anayejua ni mwalimu wako. Kamuulize."

"Watanicheka."

"Watacheka, halafu watanyamaza. Kicheko kina urefu wake."

Jioni mama aliporudi na kuelezwa, kwanza aliketi chini akashika kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni ya hospitali. "Na mimi nalala tu kama gogo," alisema, "mtoto wangu ameganda hapo kwenye beseni." Hakusema zaidi usiku ule. Lakini kesho yake alimwendea msimamizi wa dobi akaomba binti yake akitoka shule apite pale, akae chumba cha kukunjia mashuka asome, kwa kuwa nyumbani baba yake amelala. Msimamizi alisema sawa, mradi asiguse mashine na asiwe mzungumzaji.

Asubuhi hiyo hiyo, darasani, mwalimu wa hesabu alifundisha kutoa sehemu. Alipofika mwisho akauliza kama kawaida, "Tumeelewa?"

"Tumeelewaaa!"

Popo hakuimba. Mwalimu alishachukua kifutio cha ubao, mkono uko juu. Popo akapiga moyo konde, akasimama.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

Darasa lililipuka. Chiriku alipiga dawati. "Popo ameamka! Jamani, Popo ameamka mchana!"

"Nini hujaelewa?" aliuliza mwalimu.

"Sijaelewa toka mwanzo. Toka kujumlisha. Sijui kwa nini nusu na theluthi ni tano ya sita."

Wakacheka tena, hilo lilikuwa somo la muhula uliopita. Mwalimu alishusha mkono. Akaketi ukingoni mwa meza, jambo ambalo hawajawahi kuliona.

"Nani anaweza kumweleza?" aliuliza. "Anayecheka ndiye aanze."

Kicheko kikakatika kama kamba. Walitazamana.

"Chiriku?"

Chiriku alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule hakukutoka kitu.

"Nani mwingine hajaelewa? Semeni kweli, simpigi mtu."

Mkono mmoja ukainuka nyuma. Halafu mwingine. Halafu mikono ikaota kama uyoga, na wa Chiriku ukiwemo. Mwalimu aliihesabu kwa macho, akaacha kuhesabu. Alifuta ubao wote, akachora mkate.

Msidhani kwamba kuanzia siku ile mambo yalinyooka. Popo alielewa darasani, akafika chumba cha mashuka, akajaribu peke yake, akakosa. Chumba kile kilikuwa na joto la mvuke, mashuka meupe yamepangwa mpaka darini, na usingizi ulimfuata humo kama paka anayejua pa kulala. Siku nyingine alilia juu ya daftari. Siku nyingine alimwambia mama, "Basi, mimi nirudie tu. Nitakaa na Kitinda." Mama alikuwa ameshika shuka lenye doa, analisugua doa lile kwa kidole.

"Unaliona hili?" alisema mama. "La leo asubuhi. Kwa maji tu linatoka. Lile pale mwisho wa meza, wodini walilisahau wiki nzima. Pale sasa ama doa libaki, ama litoke na kitambaa. Sisi hapa hatuna ujanja mwingine, mwanangu. Ya leo tunaifua leo. Wewe umerundika nguo tangu muhula wa kwanza, ndiyo maana zinakutisha. Haya, hutazimaliza leo. Chukua moja. Nishikie na upande huo, tukunje."

Alishika. Walikunja shuka nusu, halafu mama akalikunja mara tatu kwa upana, kama wodi walivyotaka. Popo alisimama ghafla.

"Mama, subiri. Kunjua."

"Tuna mashuka mia hapa, wewe!"

"Kunjua kidogo tu."

Mama alikunjua, akiguna. Mikunjo ilikuwa imejichora kwenye shuka: visanduku sita. Popo aliweka kiganja juu ya nusu ya shuka, visanduku vitatu. Akaweka juu ya theluthi, visanduku viwili. Vitatu na viwili. Hakupiga kelele, kwa kuwa msimamizi alikataza. Alikaa tu chini juu ya fungu la mashuka, akaandika.

Toka hapo akawa na utaratibu, nao haukuwa wa kupigiwa makofi na mtu. Akitoka shule, kwanza alifunga daftari na kujieleza mwenyewe kwa maneno yake kile alichofundishwa siku ile. Pale alipokwama ndipo alipofungua. Palipomshinda kabisa aliweka alama, akaamka nayo, akamuuliza mwalimu kabla kengele haijalia. Halafu alichukua somo moja la zamani, moja tu, akalifua. Giza likiingia, kitabu kinafungwa na mtoto analala. Mama mwenyewe ndiye aliyelificha beseni kazini kwake.

Chiriku alianza kumfuata. Mwanzo alikuja kwa udaku tu, baadaye akaja na daftari. "Nieleze tena, Popo, polepole. Kichwa changu kina mlango mdogo." Na Popo akagundua kwamba jambo alilomweleza Chiriku mara mbili halikumtoka tena kichwani, kwa kuwa Chiriku aliuliza maswali ambayo hata mwalimu asingeyawaza.

Uchovu haukuisha. Baba alirudi amechoka, mama alirudi amechoka, mwalimu aliingia darasani amechoka, na Popo alitembea katikati yao akiwa amechoka vile vile. Katika jaribio moja alipata alama mbaya kuliko za muhula wa kwanza. Alikaa nalo moyoni siku nzima. Kesho yake akaenda kwa mwalimu kabla ya kengele, akasema, "Nimekosea wapi?" Mwalimu akamwonyesha. Wakaanza tena.

Ukaja mtihani wa mwisho wa mwaka. Popo alilala mapema usiku wake, akaamka, akaoga, akaenda. Maswali mengine aliyafanya. Mengine aliyaacha wazi, kwa kuwa hakuyajua na hakutaka kubahatisha. Alitoka hajui kama acheke au alie.

Matokeo yalipotoka, alikuwa amevuka nusu kwa kidole tu. Mwalimu wa hesabu alimwita pembeni.

"Umepita," alisema. "Lakini umepita kwa shida. Mwalimu Mkuu amesema waliokaribia mpaka, uamuzi ni wa mzazi: aendelee au arudie. Baba yako aandike barua kabla shule haijafungwa. Akinyamaza, utarudia."

Njia nzima kwenda nyumbani miguu ilikuwa mizito. Alikuwa amedhani mto ameuvuka, kumbe bado mtu mmoja hajasema. Baba alikuwa ameamka, anafunga kamba za viatu ajiandae na zamu. Mama alikuwa ameshafika. Popo alieleza yote, hakupunguza kitu.

Baba aliacha kamba mkononi. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Nataka kuendelea."

"Kila mtu anataka kuendelea. Nakuuliza unajua nini?"

Popo alivuta pumzi. "Kujumlisha sehemu na kutoa naelewa, naweza kumweleza mtu. Kuzidisha naelewa. Kugawanya bado nachanganya. Asilimia sijaelewa hata kidogo. Mwalimu amesema likizo ataniachia mazoezi, na Chiriku tutasoma pamoja."

Baba akamtazama mama, na mama akatikisa kichwa kukubali.

"Mwanzoni mwa mwaka ungenijibu nini?" aliuliza baba.

"Ningesema nimeelewa zote."

"Hapo ndipo ulipopita, mama. Siyo kwenye alama. Nisikilize, na wewe Kitinda sikiliza, kesho zamu yako. Kujitesa siyo bidii. Mtu anaweza kujitesa mwaka mzima na asisogee hata hatua moja. Bidii ni kurudi. Umekosea, unarudi. Umechekwa, unarudi. Umechoka, unalala, asubuhi unarudi. Na unapouliza ulichokikosa siku ile ile, kazi yako haitakurundikia. Mimi sina shule ya kukupa zaidi ya hiyo."

Akaomba karatasi. Mama alitaka kumwita jirani mwenye mwandiko mzuri aje aandike, baba akakataa. Alisema mtoto ni wake na mkono anao. Aliandika taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, kila herufi imesimama peke yake kama nguzo ya uzio.

*Kwa Mwalimu Mkuu. Naomba binti yangu aendelee na darasa la sita. Hajui kila kitu. Anajua asichokijua, na anauliza. Sisi wazazi wake tutahakikisha analala. Wako, baba yake.*

Alimpa Popo asome kama kuna kosa. Popo alisoma mara mbili, machozi yakimlengalenga, akasema hakuna. Baba akaikunja, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi na kukunja uso kwa ladha yake. Mama aliiweka kwenye paja, akaikandamiza kwa kiganja kile kile cha kukandamizia mashuka mpaka ikashika.

Walitoka pamoja, baba na rungu lake kwapani, binti na bahasha mkononi. Geti la shule lilikuwa limefungwa, lakini kwenye ukuta palikuwa na sanduku la barua. Baba akamwinamishia tochi. Popo akaisukuma bahasha, ikakwama kidogo kwenye mdomo wa sanduku, akaisukuma tena, ikaanguka ndani.